Kitalu cha Tungalag

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Uyanga aliburuta kigari cha maji hadi kwenye kioski kilichokuwa chini ya mtaa wao. Alipanga foleni, akajaza madumu, kisha akapanda kilima huku magurudumu yakilia kwi, kwi, kwi juu ya mawe. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu alipokuwa darasa la tatu, na tangu darasa la tatu alikuwa akiinung'unikia. Mama yake alikwisha kuzoea. "Nung'unika utakavyo," alimwambia, "ila maji yafike."

Mwaka huu Uyanga hakuwa peke yake kilimani. Alikuwa na Tungalag.

Tungalag alikuwa binti wa mama yake mkubwa, na alimzidi Uyanga mwaka mmoja. Aliletwa mjini Arvaikheer mwezi wa Februari, mara baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, akiwa na sanduku moja lililofungwa kwa kamba ya manyoya ya ngamia. Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa mabaya kupita kiasi. Theluji iliyeyuka kidogo ikaganda tena, ikafunika malisho kama bati, na kondoo na mbuzi wakafa kwa njaa wakiwa wamesimama. Wazazi wa Tungalag walibaki na farasi wachache na ngamia mmoja. Wakaenda kuchunga mifugo ya watu wengine, wakaomba binti yao akae kwa mama yake mdogo ili asiache shule.

Uyanga alifurahi mno. Alikuwa mtoto wa pekee, na siku zote alitamani kuwa na dada. Furaha hiyo ilidumu hadi asubuhi ya kwanza ya kuchota maji. Tungalag alishika mpini wa kigari, akapanda kilima bila kupumzika, hakumwaga hata tone. Alipofika akawasha jiko, akafagia theluji uani, kisha akauliza kama kuna kazi nyingine.

Mama yake Uyanga alitoka akifunga skafu, tayari kwenda kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi. "Jamani, mtoto huyu!" alisema. "Uyanga, unamwona mwenzako?"

Uyanga alimwona. Na kuanzia siku ile hakupumzishwa kumwona. Unaona mwenzako anavyokunja nguo? Unaona mwenzako anavyokula nyama, hadi mfupa unabaki mweupe? Unaona mwenzako, hajasemwa mara mbili? Kila mara Uyanga alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu, kidogo tu, kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo.

Mwezi wa Aprili, alipokuwa akitoka shule, alipita karibu na chekechea akakuta mafundi wakiweka madirisha mapya ya plastiki. Yale ya zamani, ya mbao, yenye rangi ya buluu iliyobabuka, yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mengi yalikuwa bado na vioo vyake. Uyanga alisimama. Mwaka uliopita aliwahi kuona kitalu cha vioo nyuma ya nyumba ya mwalimu wao wa biolojia. Nje ilikuwa inanyesha mvua ya mawe, na ndani nyanya zilikuwa nyekundu zimetulia kama hazina habari. Tangu siku hiyo hakuacha kukiwaza.

"Kaka," alimwita msimamizi wa mafundi, "haya madirisha mnayapeleka wapi?"

"Jalalani. Au kuni."

"Naweza kuyachukua?"

Yule mtu alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe na jeshi gani?"

"Mimi na dada yangu."

"Haya. Lori linakuja kesho asubuhi. Mtakayoyaacha si yenu tena."

Uyanga alikimbia hadi nyumbani. Baba yake, Sodnom, alikuwa safarini na lori lake, na mama alikuwa bado kazini. Tungalag peke yake ndiye aliyekuwepo, akikata tambi za jioni. Alimsikiliza Uyanga hadi mwisho, akafuta unga mikononi, akachukua kamba yake ya manyoya ya ngamia. "Twende basi, jua linashuka."

Safari ya kwanza Uyanga alivuta kigari kwa pupa, gurudumu likaingia kwenye mfereji, na vioo viwili vikapasuka.

"Taratibu," Tungalag alisema. "Hivi si mbuzi. Vikianguka haviinuki."

Alitandika magunia kati ya fremu na fremu, akazifunga kwa fundo ambalo Uyanga hakuwahi kuliona. Baada ya hapo hakikuvunjika kioo kingine. Walikwenda na kurudi mpaka mikono ikafa ganzi, na mama alipoingia uani alikuta madirisha ya chekechea nzima yamejipanga kwenye uzio.

"Makubwa! Nani kafanya haya?"

Uyanga alifungua mdomo. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno yake. Lakini mama alikuwa amekwisha kuinama juu ya kigari, analigusa fundo la kamba.

"Fundo hili ni la dada yangu," alisema polepole. "Alikuwa akifunga mizigo ya ngamia hivihivi, tukiwa wadogo." Machozi yalimlengalenga. Akamvuta Tungalag kifuani, akamnusa utosini, kama alivyozoea kumnusa Uyanga.

"Mama mdogo, ni Uyanga aliyeyaona, ni yeye aliye..."

"Najua, najua, nyote wawili," mama alisema. Lakini mikono yake ilikuwa mabegani kwa mmoja tu.

Baba aliporudi safarini kazi ya ujenzi ilianza. Jirani yao, mzee Gonchig, dereva wa basi mstaafu ambaye ua wake ulijaa vyuma chakavu, alikuja kuegemea uzio na kuwacheka.

"Sodnom, umeanza kula majani? Majani huliwa na kondoo, sisi tunamla kondoo. Ndivyo dunia ilivyopangwa!"

"Mzee, tuletee mlango basi, badala ya hotuba," baba alimjibu.

Mzee Gonchig aliondoka akinung'unika, akarudi na mlango wa basi bovu, bawaba zake zikiwa mahali pake.

Uyanga alikuwa amechora ramani ya kitalu kwenye karatasi, kwa rula na penseli za rangi. Ilikuwa ramani nzuri, ila madirisha yake yote yalikuwa na ukubwa mmoja, na ya chekechea hayakuwa hivyo hata kidogo. Baba alikwaruza kichwa. Ndipo Tungalag alipoyalaza madirisha chini, akaanza kuyasogeza, kubwa hapa, dogo pale, jingine akiligeuza ubavu. Alitumia alasiri nzima akitembea kwa magoti, na jioni ilipofika ukuta mzima ulikuwa umelala ardhini bila pengo la kupitisha kidole. Kwa paa walitumia fito za hema la babu, zile za rangi ya chungwa zenye maua yaliyochorwa, wakazifunika kwa nailoni nene. Mablanketi mazito ya sufu ya hema lilelile waliyaweka kando, ya kufunikia miche jioni. Huku kwetu baridi haina adabu. Inaweza kuaga mwezi wa Mei na kurudi Juni kuchukua ilichosahau.

Mzee Gonchig aliingia ndani, akasimama kwenye joto, akavua kofia. "Loo! Kumbe. Hiki kitalu cha Tungalag ni kizuri kuliko nyumba yangu."

Jina likanasa. Watu kwenye kioski cha maji wakaanza kuuliza, "Kitalu cha Tungalag kinaendeleaje?"

"Ni chetu," Uyanga alijibu.

"Ndiyo, ndiyo, chenu. Msalimie Tungalag."

Waligawana. Upande wa kushoto wa ubao wa kupitia ulikuwa wa Uyanga, wa kulia wa Tungalag. Kila mmoja alipanda nyanya na matango kutoka kwenye makopo waliyooteshea mbegu dirishani tangu Aprili. Tungalag, ambaye kwao hawakuwahi kupanda hata kitunguu, alikuwa akiitazama miche kama alivyowatazama wana-kondoo, mmoja mmoja, kila alfajiri. Maji aliyaacha kwanza kwenye pipa yapate jua. Uyanga naye alisahau siku mbili, kisha akamwaga dumu zima kwa mkupuo mmoja, maji ya baridi kama barafu.

"Usiimwagie ya baridi," Tungalag alimwambia. "Inashtuka."

"Nani kakuuliza?"

Tungalag akarudi kwenye pipa lake. Hakuwa mtu wa kugombana, na hilo nalo lilimuudhi Uyanga. Angalau angejibu!

Siku moja Tselmeg, rafiki yake Uyanga wa tangu chekechea, alikuja kukiona kitalu. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Ala! Ya upande huu inaumwa?"

"Haiumwi. Ni aina tofauti."

"Aina ya kulala?" Tselmeg alicheka, kisha akageuka. "Dada Tungalag, hebu nionyeshe unavyoifunga hii kwenye kamba." Wakainama pamoja, vichwa vikikaribiana, na Uyanga akabaki amesimama kwenye kitalu alichokiota yeye kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Uyanga angewabishia. Yeye alikuwa nazo tele, na kila alipojilaza alizihesabu upya. Wazo lake lilichukuliwa. Jina la kitalu lilichukuliwa. Tselmeg alichukuliwa. Na mama. Hapo kwa mama alikuwa akigeukia ukutani na kuvuta blanketi hadi masikioni, ili asisikie pumzi tulivu ya Tungalag kwenye kitanda cha pili.

Mwishoni mwa Mei lilipatikana lori la kwenda walikokuwa wazazi wa Tungalag. Aliruhusiwa aende akamwone mama yake, arudi kabla ya mitihani ya kufunga shule.

"Uyanga, jioni ufunike pande zote mbili," alisema akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. "Blanketi langu ni lile lenye kiraka."

"Najua."

"Hata kama mchana kuna joto."

"Nimesema najua! Unaniona mimi mtoto?"

Jioni ya kwanza alifunika pande zote, na ya pili pia. Siku iliyofuata, tarehe mosi Juni, ilikuwa Siku ya Watoto. Mama alimvalisha gauni jipya, wakaenda uwanjani wawili tu, mkono kwa mkono. Walikula sambusa bapa za nyama ya kondoo zenye kuchuruzika mafuta, wakanunua askrimu, wakacheka hadi mama akashika mbavu. Uyanga hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa na mama yake namna hiyo, mzima mzima. Kisha akapita msichana mmoja aliyepanda farasi, ameketi wima kama mshumaa. Mama akamfuata kwa macho.

"Laiti Tungalag angekuwepo," alisema.

Askrimu ikageuka maji mdomoni mwa Uyanga.

Jioni ile redio ilitangaza kwamba baridi inashuka kutoka kaskazini. Uyanga alikwenda kitaluni, akafunika miche yake vizuri, akikandamiza pembe za blanketi kwa mawe. Kisha akalichukua lile lenye kiraka kutoka kwenye uzio. Lilikuwa zito, lina harufu ya moshi na kondoo. Alisimama nalo kwenye ubao, akiitazama miche ya upande wa kulia, minene, ya kijani iliyoiva, mingine ikiwa na maua ya manjano. Hakuna aliyemwona.

"Uyanga! Chakula!" mama aliita.

Akalirudisha blanketi kwenye uzio, akaenda kula.

Asubuhi kitalu kilikuwa na alama iliyonyooka katikati kama iliyochorwa kwa rula. Kushoto miche ilikuwa hai. Kulia sakitu, ule umande wa kuganda, ilikuwa imepita, na majani yalining'inia meusi, yamelowa, kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa sufuriani. Uyanga alitegemea angefurahi, hata kidogo. Badala yake alikimbia kulichukua blanketi la kiraka, akalitupa ovyo juu ya miche ile, nusu chini nusu juu.

"Liliteleza," alimwambia mama alipokuja. "Upepo, nadhani."

Mama alishika kichwa. "Masikini Tungalag," alisema. Hakuuliza zaidi, na kutoulizwa kulimwia Uyanga kugumu kuliko kuulizwa.

Tungalag alirudi siku ya pili yake, uso umeungua kwa upepo, amebeba mfuko wa jibini kavu na gunia la samadi ya kondoo.

"Uyanga! Hii ni mbolea, imekaa miaka. Upande wako utapata nyingi zaidi, ndio unaoihitaji," alisema akicheka, akaingia kitaluni moja kwa moja na gunia lake.

Uyanga aliposogea mlangoni alimkuta amepiga magoti, anaishika miche mmoja mmoja chini ya shina, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

"Blanketi liliteleza," Uyanga alisema.

"Si kosa lako." Tungalag hakugeuka. "Ni mimi. Nilitoka nikaiacha. Wana-kondoo nao nilikuwa nawalaza kitandani kwangu, na walikufa hivyohivyo. Kila ninachokishika kinakufa."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Uyanga alipaona, na akapapita.

Jioni, baba alipokuwa amefika na wote wameketi kwenye supu ya tambi, Tungalag aliweka bakuli lake chini kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, baba mdogo, shule ikifungwa nitarudi kwa mama. Septemba sitakuja tena."

"Unasema nini wewe?" mama alishtuka. "Na masomo?"

"Nimekula chakula chenu tangu Februari. Nilitaka angalau mle nyanya zangu. Sasa hata hizo sina."

"Nani kakuambia uhesabu chakula katika nyumba hii?" baba aliuliza.

"Hakuna, baba mdogo. Mmenitendea vizuri mno." Alisita. Ilionekana kwamba anayoyasema amekaa nayo siku nyingi. "Uyanga akichelewa, mama mdogo anatoka hadi barabarani kumwita kwa makelele, na akifika anagombezwa mpaka majirani wanasikia. Nikichelewa mimi, ninawekewa chakula na kifuniko juu. Hamjawahi kunigombeza hata siku moja. Mgeni hagombezwi. Mimi nikiwasikia mkigombana na Uyanga, huwa natoka nje. Nasikia wivu."

Uyanga aliinua uso. Wivu? Tungalag, kumwonea yeye wivu, kwa sababu ya kugombezwa?

Kile alichokitaka miezi yote hii kilikuwa mbele yake, kimepakuliwa. Tungalag anaondoka. Mama atakuwa wake peke yake. Ilimbidi anyamaze tu, ameze tambi. Lakini tambi hazikumezeka.

"Blanketi halikuteleza," alisema.

Wote walimgeukia.

"Sikuifunika. Nilifunika yangu tu. Nilikuwa nalo mkononi, nikalirudisha kwenye uzio." Machozi yalikuwa yakidondokea bakulini. "Kila mtu anasema kitalu cha Tungalag. Mimi ndiye niliyeona madirisha! Na mama hanioni tena, anamwona yeye tu."

Tungalag alikuwa amepauka midomo.

"Ungenipiga," alisema mwishowe. "Ningeelewa kama ungenipiga. Ile miche ilikukosea nini?" Akainuka, akatoka nje.

Uyanga alingojea kofi la mama. Halikuja. Mama aliutazama mlango uliofungwa.

"Ulilolifanya ni baya, na kumwongopea mwenzako hadi ajilaumu ni baya zaidi," alisema. "Siwezi kukusamehe mimi, maana si mimi uliyenikosea. Miche umeiua wewe, ukatafute wewe njia ya kuirudisha."

Siku zile zilikuwa ngumu. Tungalag hakumtukana, hakumsemea, hakumwambia neno. Walipanda kilima na kigari cha maji kama mabubu wawili. Uyanga alikwenda kwa mwalimu wa biolojia, akamweleza kila kitu, hata sehemu ile ya uzio. Mwalimu hakumhubiria. Alimwonyesha machipukizi yanayoota kwapani mwa tawi la mnyanya, yale ambayo watu huyakata na kuyatupa. "Yaweke kwenye maji, mahali pa mwanga, yatatoa mizizi. Yatachelewa, lakini yatazaa. Na mbegu ya tango ipande leo leo."

Kila alfajiri, kabla Tungalag hajaamka, Uyanga alikuwa kitaluni. Aling'oa miche iliyokufa, akachanganya ile samadi kwenye udongo wa kulia, yote, hakubakiza kwa ajili ya upande wake. Alikata machipukizi kwenye minyanya yake, akiwa amechagua yaliyonona kuliko yote, akayapanga kwenye mitungi ya achari dirishani. Maji aliyaacha kwenye pipa yapate jua. Alikosea, akarudia. Mitungi miwili ilioza, akaanza upya.

Shule ilifungwa. Siku lori lilipokuja, sanduku la Tungalag lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba yake. Dereva alikuwa anakunywa chai ya maziwa yenye chumvi pamoja na baba. Tungalag aliingia kitaluni, labda kuaga. Alimkuta Uyanga amechuchumaa upande wa kulia, anajaribu kuhamishia chipukizi udongoni, mizizi yake myeupe ikitetemeka kama uzi. Kando, matango yalikuwa yamekwisha kutoa majani mawili mawili.

"Hivyo utaikata mizizi," Tungalag alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Uyanga tangu ile jioni.

"Sijui kuishika."

"Naona." Alisimama kidogo, akavua koti. "Sogea."

Walipanda pamoja. Honi ya lori ililia mara moja, ikalia tena. Mama alikuja hadi mlangoni, akawatazama, akaenda kumwambia dereva aende zake.

Baadaye Tungalag aliingia ndani, akanyoosha mkono kuchukua mkate.

"Tungalag!" mama alifoka hadi mzee Gonchig akachungulia juu ya uzio. "Matope hayo mezani kwangu? Nani kakufundisha? Toka, kanawe, na masikio pia!"

Tungalag alitoka mbio kunawa. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Hawakupatana siku ile wala kesho yake. Kuna jioni Tungalag alikuwa akienda kitaluni mwenyewe kuhakikisha kwamba blanketi lipo, na Uyanga hakuwa na haki ya kununa. Lakini Julai iliingia ikatoka, na matango hayakungoja watu wapatane. Agosti mzee Gonchig aliletewa bakuli la matango na nyanya, akala majani yote, akaomba tena, akidai kwamba anaonja tu kuona kama yana sumu.

Jumapili moja, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mama alikata nyanya za kwanza za upande wa kulia. Zilikuwa ndogo na zimechelewa, ila nyekundu hadi ndani. Sare mbili za shule zilikuwa zimepigwa pasi, zinaning'inia ukutani.

"Nina neno," mama alisema akiweka kisu chini. "Uyanga, mwenzako akisifiwa, wewe hupungukiwi na kitu. Lakini wivu ukiuficha moyoni hautakaa bure, utakutafutia kazi ya kufanya, na kazi zake umeziona. Mimi nami nina langu. Nilimsifu Tungalag ili ajisikie nyumbani, nikawa nakupiga wewe kwa sifa zake bila kujua. Na wewe Tungalag, ulikuwa unajichosha kulipia chakula ambacho hakiuzwi. Sote watatu tulikaa kimya. Kuanzia leo, anayeumia aseme. Ukiona mama yako amekusahau, usiende kitaluni. Njoo uniambie, 'Mama, umenisahau.'"

Akawapakulia baba na Tungalag, akajipakulia na yeye, akaanza kula.

Uyanga alilitazama bakuli lake.

"Mama," alisema, "umenisahau."

Baba alipaliwa na nyanya. Tungalag alicheka hadi akainamia meza, kisha akachukua kijiko, akamimina nusu ya nyanya zake kwenye bakuli la Uyanga.